Mama Ana Lugha Ngapi?

Kitivoni kwetu ukitamka neno "klasi", masikio yote husikia ngeli. Mwaka jana nilimwendea mwalimu anayesimamia kazi yangu nikamwambia kwamba klasi zangu nne zimeanguka. Akaniuliza kwa upole, "Zipi? Ya tano na ya sita zinamsumbua kila mtu." Alidhani nasema juu ya ji- na ma-. Mimi nilikuwa nasema juu ya programu niliyoiandika mwenyewe, ambayo usiku mmoja ilifuta kazi ya miezi minane, tena kwa amri yangu.

Wenzangu watatu wa mwaka wa chini wameniomba programu ile waitumie katika kazi zao. Nitawapa, ila nitawapa ile ya pili. Kabla ya hapo ningependa wajue ya kwanza ilikuwaje na kwa nini niliipenda sana.

Mada yangu ni maneno ya chakula katika Kiswahili cha Murara: yale yanayosikika jikoni, kwenye meza za wauza mboga na kwa akina mama wa makala. Chukua sombe. Mtu wa Dar es Salaam huita kisamvu, mtu wa Kinshasa huita pondu, na ukivuka mpaka kwenda Gisenyi utasikia isombe. Au chukua sambaza. Samaki huyo mdogo hakuwamo kabisa katika Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo sambaza ya Goma na isambaza ya Rwanda ni jina ambalo vijana wa pande zote mbili wanadhani limekuwapo tangu ziwa lenyewe. Nilitaka kukusanya maneno ya namna hiyo, na kwa kila neno niandike limetoka kinywani mwa nani.

Nilianza na kadi za karatasi ndani ya boksi la viatu. Kufikia kadi ya 200 nilikuwa sipati tena ninachokitafuta. Rafiki yangu anayesoma informatiki akakubali kunifundisha Python jioni, kwa sharti kwamba nimsahihishie Kifaransa cha ripoti yake ya mafunzo. Sote wawili tulifikiri tumemlalia mwenzetu.

Somo la kwanza lilikuwa klasi. Klasi katika programu ni kama kalibu ya kufyatulia matofali: kalibu ni moja, na kila tofali linalotoka humo ni objekti yenye umbo lile lile ila udongo wake mwenyewe. Wazo hilo linatoka kwa Wanorwe wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliotengeneza lugha ya Simula mjini Oslo katika miaka ya 1960. Mimi niliyelelewa na ngeli nilidhani nimeshafika. Baadaye niliona tofauti. Ngeli huyakuta maneno yamekwisha zaliwa, ikayapanga. Klasi ya programu huja kabla ya vitu; kile ambacho kalibu haikukiachia nafasi hakitaonekana kwenye tofali lolote. Bleek alipohesabu ngeli za lugha za Kibantu katika karne ya 19, maneno yasiyoingia vizuri katika hesabu yake yaliendelea kusemwa kama kawaida. Programu yangu haikuwa na ustahimilivu huo.

Somo la pili lilikuwa uhusiano wa mmoja-kwa-wengi. Mama mmoja, watoto wengi. Kila mtoto, mama mmoja. Neno moja, maana nyingi. Kila maana, neno moja. Peter Chen, katika makala yake ya mwaka 1976 iliyowafundisha watu kuchora hifadhidata, aliandika 1 upande mmoja wa mstari na N upande wa pili, na mpaka leo wanafunzi huchora hivyo ubaoni. Jambo lililonifurahisha ni mahali uhusiano huo unapokaa. Katika jedwali, mstari wa mama hauna nafasi ya kuwabeba watoto wasiojulikana idadi, kwa hiyo kila mtoto ndiye hubeba namba ya mama yake, kama mwanafunzi aliyebeba jina la mzazi kwenye fomu ya shule. Katika klasi inawezekana kufanya kinyume, yaani mama akawa na orodha ya watoto, au kufanya yote mawili: mama ana orodha, na mtoto ana rejeo la mama. Ukifanya yote mawili lazima uhakikishe pande hizo hazisemi uongo juu ya mwenzake. Mimi ziliwahi kusema. Orodha ya msemaji mmoja ilionyesha maneno 61, na maneno yaliyomtaja yeye yalikuwa 58. Dawa yake ni kuwa na mlango mmoja tu wa kuongezea, mbinu moja ambayo humwandika mtoto kwenye orodha na kumwandika mama kwa mtoto kwa pigo lile lile, na kupiga marufuku kupitia dirishani.

Kosa jingine la siku zile naliona hadi leo kuwa la kuchekesha. Nililiandika lile orodha tupu la maneno ndani ya mwili wa klasi yenyewe, badala ya ndani ya mbinu inayoundia kila objekti. Wanaojua Python wameshacheka. Maana yake ni kwamba wasemaji wote walikuwa wanashiriki orodha moja. Nilipouliza programu mama yangu amesema maneno mangapi, ikajibu 340. Jirani yetu, 340. Kijana wa chukudu niliyemhoji kwa dakika kumi tu, 340. Kila mtu wa Murara alikuwa na maneno ya watu wote. Rafiki yangu alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akasogeza mstari mmoja nafasi nne na kila mtu akarudishiwa mali yake. Nimefikiria mara nyingi kwamba kosa lile lilikuwa karibu na ukweli wa mtaa wetu kuliko mpango nilioujenga baada ya kulisahihisha.

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Klasi nne: Lugha, Msemaji, Neno, Maana. Lugha moja ina wasemaji wengi. Msemaji mmoja ana maneno mengi. Neno moja lina maana nyingi. Ukiuchora unapata mti mzuri, shina juu na majani chini, kila jani likijua tawi lake. Nilipomwonyesha mwalimu aliusifu, nami siwezi kumlaumu, kwa sababu mti ule ndio tuliofundishwa sote. Guthrie alizipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba: Kiswahili G42, Kinande D42, Kihunde D51, Mashi D53, Kinyarwanda D61. Hata wataalamu wa Tervuren walipoziondoa hizi za kwetu katika D na kuzitia katika kanda mpya ya J, kila lugha ilihama na namba yake moja. Mtu aliyesoma orodha hiyo tangu mwaka wa kwanza huona ni kawaida kabisa kuuliza, "Huyu ni wa lugha gani?" na kungoja jibu la neno moja.

Ajabu ni kwamba ngeli zenyewe zilikuwa zimeshanionya. Tunafundishwa kuzikariri mbili mbili, umoja na wingi, kana kwamba ni mume na mke. Nilijaribu kuliandika hilo kama klasi, ngeli ya umoja ikiwa na wingi wake mmoja, na programu ikagoma katika dakika ya kwanza. Ngeli ya 6 hupokea wingi wa 5 (jino, meno), wa 14 (ugonjwa, magonjwa), na hata wa 9 (rafiki, marafiki). Ngeli ya 10 ni wingi wa 9, na pia wa 11: ukuta, kuta, ulimi, ndimi, kama ururimi na indimi za Kinyarwanda. Nikabadilisha: uhusiano wa umoja na wingi si wa ngeli na ngeli, ni wa nomino, kila nomino ibebe namba zake yenyewe. Kisha nikakuta kwamba Goma watu husema "kitabu yangu", umbo la ki- lenye upatanisho wa 9, nikaongeza nafasi nyingine. Nilifanya yote hayo bila uchungu wowote, kwa sababu data ilikataa na mimi nikaitii. Lakini juu kabisa ya mti, kwa watu, data haikukataa. Watu ni wapole. Ukiwauliza lugha yao ni ipi, hukupa moja.

Koko alikuwa mmoja wao. Alifika Murara mwanzoni mwa mwaka 2024, wakati vita vilipokaribia Sake, akapokelewa na jirani zetu. Alitoka upande wa Masisi. Nilikaa naye jioni nne, yeye akichambua maharage, mimi na daftari. Nilipomuuliza lugha yake alitaja ya mama yake, Kihunde, nami nikaiandika. Baada ya hapo alisema mambo mengi ambayo niliyaandika daftarini kwa haraka tu. Tulipofika kwenye ugali alieleza hivi: "Kwa baba tulisemaka ubugali. Kwa bwana yangu, bale ba Lubero, iko obundu. Huku muji, ni bugali tu." Alipomaliza nikamshukuru kwa Kiswahili, akanijibu "wasingya", neno la Kinande, akacheka kwamba miaka 30 jikoni kwa wakwe si mchezo.

Usiku niliingiza maneno yake kwenye programu. Kalibu ilikuwa na nafasi moja: msemaji huyu, lugha hii. Kwa hiyo neno obundu likaingia chini ya Koko, na Koko yuko chini ya Kihunde. Ukiiomba programu maneno ya Kihunde ya chakula, obundu lilikuwa linatoka la tatu. Sikuliona. Nilikuwa na wasemaji 23, lugha 5 na maneno 1,114, na nilipenda kuziangalia namba hizo zikipanda.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini. Sitaeleza siku zile hapa, waliokuwapo wanazijua. Umeme ulikatika, mtandao pia, na sisi tulilala sakafuni mbali na madirisha. Usiku wa tatu nilikumbuka kompyuta. Ndani yake kulikuwa na jedwali la wasemaji lenye safuwima tatu: jina, mtaa, lugha. Nimelitazama jedwali hilo kwa miezi, na mara zote nililiona kuwa ni isimu. Usiku ule nililiona kama ambavyo mtu mwingine angeliona, mtu asiyejua isimu na asiye na haja ya kuijua. Watu 23 wa Murara, kila mmoja na neno moja mbele ya jina lake.

Msomaji wa Goma hahitaji kuelezwa zaidi. Kilomita chache kutoka kwetu, ng'ambo ya mpaka, vitambulisho vilivyoanzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930 vilikuwa na nafasi moja ya kabila, na watu waliendelea kuvibeba mpaka 1994. Nafasi ile nayo ilikuwa safuwima tu. Ilitosha kwamba ilikubali jibu moja, na kwamba mtoto aliirithi kwa baba bila kuulizwa. Lugha na kabila ni vitu viwili, tunajua, tumefanyiwa mtihani juu yake. Lakini anayesoma orodha usiku mlangoni hakufanya mtihani huo.

Betri ilikuwa imebaki asilimia 20. Sikutaka kufuta majina, kwa sababu maneno yalikuwa yameshikamana na majina. Nikaamua kufuta lugha. Niliwaza hivi: nikizifuta objekti tano za Lugha, wasemaji watabaki na nafasi tupu mbele yao, na nitazijaza siku nyingine ikiwa siku nyingine itakuwapo. Nikaandika amri tano. Kisha nikaomba idadi ya wasemaji ili nihakikishe. Programu ikajibu 0. Maneno, 0. Maana, 0.

Nilikuwa nimesahau kitu nilichokiandika mwezi wa pili, kwa kunakili mfano wa somo. Ukiunganisha klasi na majedwali unaweza kuiambia programu kwamba mzazi akifutwa, wategemezi wake wafutwe pia, mfululizo. Kwa neno na maana zake hilo ni sawa kabisa: ukifuta neno, maana yake itaishi wapi? Uhusiano huo ni wa umiliki. Cha chini hakina maisha nje ya cha juu. Lakini mimi niliweka agizo lile lile kwenye kila tawi, kwa sababu mti ulipendeza ukiwa na sheria moja. Kwa hiyo programu ilikuwa imeandikwa, na mimi mwenyewe, kwamba lugha ikiondoka wasemaji wake hawana sababu ya kuwapo.

Nilikaa gizani nikiwa na kompyuta iliyozimika magotini. Mama aliniuliza kuna nini. Nikamwambia nimewafuta watu wote. Akasema, "Bako hapa nje, baulize tena kesho." Kwa wengi alikuwa sahihi. Kwa Koko, hapana. Mwezi wa Februari, kambi zilizouzunguka mji zilipovunjwa na watu kuambiwa warudi makwao, hata waliokuwa wamekaa kwa majirani walianza kuondoka. Siku niliyokwenda kumtafuta niliambiwa amepanda lori asubuhi. Hakuwa na simu.

Nilikuwa na nakala ya mwezi wa Novemba kwenye kidude cha USB, yenye wasemaji tisa, naye hakuwamo. Nilikuwa pia na daftari.

Daftari lile ni la kurasa 96, jalada la kijani, limelowa chai pembeni. Nilipolifungua ili niingize upya maneno ya Koko, nilikuta kwamba nilichokuwa nimekipoteza kwenye kompyuta kilikuwa kidogo kuliko kilichokuwamo humu. Kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimeandika: "ubugali, kwa baba", "obundu, kwa bwana", "bugali, huku". Penye sombe: "aliisikia Goma mara ya kwanza, kijijini waliita vingine". Penye lengalenga: "kila mahali, anasema". Katika maneno 61, ni 19 tu aliyosema yametoka kwa mama yake, yaani Kihunde. Karatasi isiyo na klasi yoyote ilikuwa imeyapokea yote hayo, kwa sababu karatasi huandikwa popote. Programu yangu iliyatupa mlangoni kila usiku, nami nilikuwa naita kazi hiyo "kusafisha data".

Klasi ya katikati ndiyo iliyokosekana. Rafiki yangu aliniambia jambo hilo kwa dakika moja, na nilihitaji wiki mbili kulielewa. Ukiona kila upande una wengi, msemaji mwenye maneno mengi na neno lenye wasemaji wengi, usilazimishe upande mmoja uwe mmoja. Tafuta tukio linalowakutanisha, ulipe jina, ulifanye klasi. Mimi nililiita Tamko. Tamko moja lina msemaji mmoja, neno moja, tarehe moja, mahali pamoja. Msemaji mmoja ana matamko mengi. Neno moja lina matamko mengi. Wengi-kwa-wengi, ukilitazama kwa karibu, ni mmoja-kwa-wengi mbili zinazokutana katika kitu ambacho hukukipa jina. Obundu sasa ni neno moja tu katika programu, lenye matamko saba kutoka kwa watu watano, na hakuna hata mmoja anayelimiliki.

Na lugha? Niliiondoa kwa msemaji kabisa. Klasi ya Msemaji haina sifa hiyo tena. Hata jina limekuwa namba, na daftari la kuoanisha namba na watu halikai ndani ya kompyuta. Lugha imehamia kwenye Tamko, na humo si nafasi, ni orodha: lugha ambazo msemaji mwenyewe alizitaja alipokuwa akisema neno hilo. Orodha inaweza kuwa na moja, inaweza kuwa na tatu, inaweza kuwa tupu. Agizo la kufuta mfululizo limebaki mahali pamoja tu, kati ya neno na maana zake. Hapo ndipo mti wangu wa zamani ulikuwa sahihi. Kamusi zetu huweka kaa wa baharini, kaa la moto na kaa la kuketi kama vidahizo vitatu vyenye namba, kila kimoja na maana zake. Na kiunzi cha ISO cha mwaka 2008 cha kamusi za kompyuta nacho hukata hapo hapo, kidahizo kimoja na maana nyingi chini yake. (Goma hatuna taabu na kaa la moto. Sisi tunasema makala.)

Mwalimu hakuridhika mara moja, na nashukuru. Pingamizi lake la kwanza lilikuwa kwamba isimu lazima ihesabu: "Ukurasa wa jedwali la maneno kwa kila lugha utauandikaje?" Nikamjibu kwamba nitahesabu matamko. Ninaweza kusema ni matamko mangapi yaliyotajwa kuwa Kinande, na yametoka kwa wasemaji wangapi, na mangapi kati ya hayo yametajwa pia kuwa Kiswahili. Jedwali halitakuwa na jumla ya asilimia 100, na hilo litaelezwa chini yake. Alikunja uso, akakubali.

Pingamizi la pili lilikuwa zito zaidi. "Koko wako," alisema, "anajua alichosikia. Hajui neno limetoka wapi. Mtu anaweza kukuapia kwamba neno ni la kijijini kwao, kumbe lilikuja na Wabelgiji. Utaandika kila unaloambiwa?" Hapo sikuwa na jibu. Ni kweli, ushahidi wa msemaji na uamuzi wa mtafiti si kitu kimoja, na mimi katika hasira yangu dhidi ya nafasi moja nilikuwa nimeufuta uamuzi wa mtafiti kabisa. Tuliketi tukachora klasi ya tano, Uchambuzi. Tamko moja lina chambuzi nyingi. Kila uchambuzi una mwandishi wake, tarehe yake na hoja zake. Wa mwalimu unaweza kupingana na wangu na yote miwili ikabaki. Mmoja-kwa-wengi tena, ila safari hii "wengi" ni sisi tunaobishana, na kwenye "mmoja" limekaa neno kama lilivyosemwa siku ile. Nadhani ndiyo klasi bora katika programu yote, na si mimi niliyeiwaza.

Wanaoichukua programu hii wajue gharama yake. Ni nzito kujaza. Zamani neno moja lilinichukua nusu dakika, sasa dakika tatu au nne, kwa kuwa kila tamko linataka mahali na tarehe na maneno ya mtu mwenyewe. Katika wasemaji 23 nimewarudia 18. Matamko 14 ya Koko yana orodha tupu ya lugha, kwa sababu jioni ya kwanza niliandika neno peke yake nikiamini najua anatoka wapi. Nimeziacha hivyo hivyo.

Wa mwisho kumrudia alikuwa Mama. Katika programu ya kwanza nilimjazia mwenyewe bila kumuuliza: Mashi, kwa sababu alizaliwa Bukavu kwa Washi. Safari hii nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki uani, juu ya yale mawe meusi ya volkano, nikampitisha neno kwa neno jioni mbili. Mwishoni nikamwonyesha orodha yake kwenye kioo. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, akasimama penye obundu ambapo nilikuwa nimeandika Kinande.

"Nani alikuambia ni Kinande?"

"Wewe, Mama. Ulisema uliisikia kwa koko, mama wa baba."

"Njo vile. Nilijifunzaka mu jikoni yake. Lakini yeye alishakufa, na leo nikipika miye, iko obundu yangu. Andika na ile."

Nikamuuliza hiyo yake niiandike kuwa lugha gani. Akafikiri kidogo, akaniambia niache kwanza, maji yanachemka. Nikaongeza tamko la pili: msemaji yule yule, neno lile lile, tarehe ya siku hiyo, Murara, orodha tupu.